Mkono wa Kamaldine

Pikipiki ya kwenda Kabambare ilikuwa iondoke saa tisa alasiri, na Papa Assumani alikuwa amesema wazi kwamba binti yake Aicha hatapanda mpaka yeye mwenyewe aione picha ya arusi na aridhike nayo. Ndoa ilifungwa Ijumaa msikitini. Bwana arusi, Kamaldine, alikuwa huko Kabambare kwenye machimbo ya dhahabu, na siku hiyo mvua ilikuwa imeila barabara hata pikipiki hazipiti, hivyo mjomba wake alimwakilisha.

Picha za namna hiyo ni kazi yangu. Bwana arusi anapigwa picha kule aliko, akinyoosha kitenge kilichokunjwa kwa mkono wa kuume. Bibi arusi anapigwa hapa Kasongo, kiganja cha kuume mbele, tayari kupokea. Mimi nawakutanisha kwenye kompyuta. Wiki hiyo nilikuwa nimeshakutanisha jozi nne na macho yalikuwa yananiwaka kama yametiwa pilipili.

Kamaldine na Aicha wote walikuwa wametazama kushoto, kama watu kwenye foleni. Nikamkata Kamaldine kutoka kwenye ukuta wa matope nyuma yake, unywele kwa unywele. Nikamgeuza, kama mtu anavyojiona kwenye kioo, ili amtazame mkewe. Nikasawazisha nyayo zao kwenye mstari mmoja, nikawawekea nyuma rangi ya buluu, nikaunganisha tabaka zote, yaani vile vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kuwa picha moja, nikachapa. Kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mto Lualaba hakuna mwingine anayekata nywele vile, na sioni sababu ya kulificha.

Papa Assumani alikuja studio, akaisogeza picha karibu na macho.

"Huyu kijana anamupea mutoto wangu kitu kwa mukono wa kushoto."

Nikatazama. Kumgeuza mtu kulikuwa kumegeuza na mkono wake.

"Papa, ni kompyuta ndiyo imefanya."

"Kompyuta ndiyo iko inaoa?"

Mama Feza, mama yake Kamaldine, akainuka kwenye benchi. "Baba Aicha, mutoto wangu hapeani na kushoto. Nilimulea mimi."

"Basi alete kuume. Niko nyumbani." Akaenda zake.

Kwa uchovu nilikuwa sijahifadhi zile tabaka kabla ya kuziunganisha, kwa hiyo nikaanza upya, unywele kwa unywele. Safari hii Kamaldine alibaki kama alivyopigwa. Aicha naye sikuweza kumgeuza, angepokea kwa kushoto. Ikabidi aitwe apigwe picha tena, akitazama upande wa pili.

Akaja na mzigo wake umeshafungwa, nguo ya arusi imekunjamana. Ijumaa, nilipompiga picha ya kwanza, alicheka. Sasa alikuwa na siku tatu za wageni mwilini, na mdomo wake haukufunguka hata kutabasamu.

"Bandika kicheko cha Ijumaa," Mama Feza akaninong'oneza.

Nikajaribu. Nikageuza mdomo wa Ijumaa, nikalinganisha pua na pua, kidevu na kidevu. Mdomo ulicheka, mashavu yakakataa. Nikausogeza tena, nikaupunguza. Bado.

Aicha alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Kaka Djamali, toa hiyo mudomo."

"Ni kicheko tu, mukwe wangu," Mama Feza akasema.

"Ni changu, mama. Baba aone sura ya leo."

Nikautoa. Saa nane na nusu nikachapa, na sote watatu tukampelekea Papa Assumani nyumbani kwake. Akautazama mkono kwanza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha macho yake yakapanda kwenye uso wa binti yake yakabaki pale.

"Unapenda kwenda?"

"Nimechoka, baba. Na huyu mutu simujui. Akuje anichukue mwenyewe."

Papa Assumani akatoka mpaka barabarani, akamwambia mwenye pikipiki aliyekuwa akisubiri aende zake.

Nilitegemea Mama Feza atagomba. Alinifuata tu mpaka studio, akakaa kwenye benchi, akavua viatu.

"Nikatie mutoto wangu peke yake," akasema. "Nitamutumia. Aone na yeye, akuje."

Nikamwondoa Aicha, nikaleta ukingo wa picha karibu na ncha za vidole vya Kamaldine.

"Usibane hivyo. Rudisha."

Nikaurudisha nyuma, nyuma tena, mpaka pembeni yake pakawa na rangi ya buluu tupu, upana wa mtu mmoja.

"Hapo," akasema Mama Feza. "Chapa, tupumzike."