Ufito Mmoja Huku, Mmoja Kule

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ana mbavu hana nyama, ana tumbo hali chakula, ana mgongo hajawahi kulala chali."

Mzee aliutazama ule mfupa wa meli uliosimama mezani, akajifanya hajui. "Shangazi yako," akasema. "Yule mkondefu."

"Shangazi yangu alikuwa anakula kukushinda wewe. Umeshindwa, nipe mji."

"Chukua wowote, mradi uniachie gundi."

Mkewe alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, maana miezi mitano nyuma mumewe alikuwa hawezi hata kusema "tega". Kiharusi kilimkamata asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Ulimi ulirudi, tena ulirudi na ukali wake wote. Mguu ulirudi, ukiburuza kidogo kama kandambili iliyokatika ukanda. Mkono wa kushoto ndio uliogoma. Ulishinda mapajani, vidole vimekunjwa, hautaki soga wala kazi. Mzee akaupa jina: Mgeni.

"Msogeze Mgeni nivae koti," angesema. Au, "Mgeni leo kashiba, usimsumbue."

Mzee mwenyewe watu walimwita Fundi Milango. Miaka arobaini alitengeneza milango na makabati, na ungepita mtaa mzima ukifunga mlango mmoja mmoja, ungesikia milango yake ikiitika vizuri. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akaitwa Bibi Sindano, na hilo jina hakulikataa kwa sababu alijua ulimi wake nao unachoma.

Kila Jumanne alikuja binti wa mazoezi, muuguzi kijana mwenye kazi ya kuviamsha viungo vilivyolala. Alimfumbisha mzee macho, akamgusa vidole vya kushoto kwa ncha ya penseli.

"Unasikia chochote, babu?"

"Nakusikia wewe unavyouliza."

Binti alicheka, lakini Bibi Sindano alimwona akiandika kwenye daftari lake bila kucheka. Walipofika mlangoni binti akamnong'oneza: "Bibi, mkono unajifunza haraka miezi ya mwanzo. Ukivuka wa sita bila kazi, unazoea uvivu. Sisemi mlango unafungwa, lakini bawaba zinashika kutu. Mtafutie kazi ya mikono miwili. Kazi anayoitaka yeye."

Kazi aliyoitaka ilijulikana. Tangu ujana alikuwa akisema, "Maisha yangu yote natengeneza vitu vilivyonyooka. Kabla sijafa nitatengeneza kimoja chenye tumbo." Basi binti yao aliye mbali akapelekewa habari, naye akatuma boksi. Ndani yake mlikuwa na meli ya kuunda: uti wa mgongo wa mbao, ambao mabaharia huuita mkuku, wenye urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole, mbavu kumi na tatu zilizokwisha kukatwa, na bunda la fito nyembamba za kuvika mbavu hizo. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua mle ndani, ila picha zilikuwepo. Picha moja ilionyesha mshale upande wa kulia wa meli, kisha mshale upande wa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto.

"Tazama," Bibi Sindano akasema, "mishale hii inaruka huku na kule."

"Wanafundisha watoto kuvuka barabara," mzee akajibu, akaikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa meza ya kushonea uliokuwa ukicheza. "Mama, nimetengeneza milango miaka arobaini."

Wakahamia kwenye meza hiyo, karibu na dirisha. Cherehani ikasukumwa ukutani na kufunikwa kanga. Bibi Sindano aliloweka ufito kwenye beseni la maji moto, akaupitisha chini ya pasi mpaka ukalegea na kukubali kupinda, kisha akaushika kwenye mbavu, mkono mmoja huku mwingine kule, na mzee kwa mkono wake wa kulia akapaka gundi na kubana kwa vibanio vya nguo. Asubuhi zile zilikuwa tamu. Nyumba ilinuka mbao na gundi kama zamani. Mzee aliamuru, "Inua. Shusha. Hapo hapo, usipumue," na mkewe hakupumua. Mgeni alilala mapajani.

Wakavika upande wa kulia wote kwanza. Fito kumi na moja, kutoka juu mpaka karibu na mkuku.

"Na upande wa pili?" Bibi Sindano aliuliza siku ya tatu.

"Mlango unamaliza uso mmoja, ndipo unaugeuza."

Siku ya nne vibanio vyote vikatolewa. Jicho la fundi cherehani ndilo lililoona kwanza. Yeye alikuwa amezoea kuona pindo limevutwa hata likivutwa kwa unene wa uzi. Meli ile ilikuwa imejikunja kulia, omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, kama ndizi. Gundi ilipokauka ilivuta, fito zikavuta, na upande wa pili hapakuwa na kitu cha kuvutana nazo. Bibi Sindano akafuta miwani yake. Alijiambia huenda ni mwanga wa dirisha.

Mzee akachukua rula yake ya chuma, akailaza kwenye mkuku. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaivuta ile karatasi iliyokuwa chini ya mguu wa meza, akaikunjua juu ya paja kwa mkono mmoja, akaangalia mishale.

"Mtoto angeweza," akasema.

Aliitia meli ndani ya boksi, akalisukuma boksi chini ya kitanda kwa ule mguu wa kuburuza. Kutoka chumbani akasema, "Jumanne mwambie yule binti asije. Mgeni na mwenyeji wote hawana kazi."

Bibi Sindano hakumwambia kitu kama hicho. Jumanne binti alikuja, akamkuta mzee amegeukia ukuta. Wakakaa wawili jikoni, na Bibi Sindano akamsimulia yote: maji moto, pasi, vibanio, ndizi.

"Nani alikuwa anashika fito?"

"Mimi!" akasema kwa fahari. "Sikuchoka hata siku moja. Tazama vidole vyangu, vimekuwa kama vya kijana."

"Na mkono wa kushoto wa babu?"

"Aa, huo niliupumzisha."

Binti alizungusha kikombe chake mezani, akatafuta pa kuanzia. "Bibi," akasema polepole, "hayo mazoezi umefanya wewe."

Maneno hayo hayakusemwa kwa ubaya, lakini yalimchoma Bibi Sindano. Binti alipoondoka alibaki ameketi pale pale. Akahesabu. Nani anamfunga vifungo? Mimi. Nani anamkatia mkate? Mimi. Nani anamshikia kikombe mzee anapofungua kopo la sukari? Mimi, mimi, mimi. Jamani, miezi mitano alikuwa akijisifu kwamba mumewe hajakosa kitu. Na mwezi wa sita ulibakiza wiki mbili kwisha.

Akainuka, akaenda kulivuta boksi.

Mzee alisikia kelele za kukwangua zikitoka kwenye meza ya kushonea. Alikuja akijiegemeza ukutani. Mkewe alikuwa amefunga kitambaa chenye maji moto ubavuni mwa meli, na kwa kile kisu kidogo anachofumulia mishono alikuwa anabandua ufito.

"Unafanya nini, mama?"

"Nafumua."

"Umeharibika akili?"

"Fundi cherehani anayesema hajawahi kufumua, huyo usimpe kitambaa chako. Kola ikienda upande unaifumua, unainyoosha, unaanza tena. Ninyi wa milango hamna hiyo?"

"Sisi tunapima mara mbili."

"Naona."

Mzee alitaka kukasirika, lakini kisu kilikuwa kinaelekea kwenye ubavu wa sita. "Taratibu! Utavunja ubavu! Lete hapa." Akaketi. Walifumua fito kumi na moja, mbili zikavunjika. Mkuku wakauloanisha, wakaufunga kwa kamba kwenye ubao ulionyooka, wakaweka juu yake pasi mbili za zamani za mkaa zilizokuwa zikizuia mlango. Siku mbili wakawa wanaupita kama mgonjwa aliyelala. Ulipofunguliwa, mzee akalaza rula. Haukuwa mnyoofu kama alivyotaka. Akafumba jicho moja, akasema, "Mimi nami siko hivyo tena. Utafaa."

Asubuhi ile wakaanza upya. Ufito wa kwanza, upande wa kulia, Bibi Sindano akaushika kama kawaida na mzee akabana. Wakaigeuza meli. Ufito wa pili, upande wa kushoto, akauloweka, akaupitisha chini ya pasi, akamwekea mzee mbele yake. Kisha akavuta kiti nyuma, akaketi, akaweka viganja vyake vyote viwili chini ya mapaja akavikalia.

"Haya," mzee akasema. "Shika."

"Mgeni yupo."

"Usinitanie, gundi inakauka."

"Sikutanii. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako ana miezi mitano anakula bure."

Mzee alimtazama kwa macho ambayo hakuwa amemtazama nayo tangu walipokuwa vijana na wamegombania jina la mtoto. Akauweka ufito kwenye mbavu kwa mkono wa kulia, akauachia ili achukue kibanio. Ufito ukaanguka. Akauokota. Ukaanguka. Mara ya tatu uliangukia sakafuni ukaacha alama ya gundi kwenye goti la suruali.

"Mama, nakuomba."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Vidole vya Bibi Sindano vilimwasha chini ya mapaja. Kushika ufito ule kungemchukua muda wa kupepesa jicho. Akauma mdomo, akasema kwa sauti iliyotoka nyembamba: "Kitendawili."

Kisha mzee, kwa hasira: "Tega!"

"Wawili wamezaliwa siku moja. Mmoja anafanya kazi, mwingine anatazama."

Mkono wa kulia wa mzee ulishuka mapajani, ukaukamata ule wa kushoto kifundoni kama mtu anayemwinua mlevi, ukaupandisha mezani. Akauweka ufito mahali pake, akaubebesha Mgeni juu. Kidole gumba kilitafuta, kikateleza, kikatafuta tena, kikabonyea. Ufito ukakaa.

Hakuna aliyepumua. Mkono wa kulia ukachukua kibanio, ukakifungua, ukakisogeza, ukakiachia.

"Aaah!"

Kibanio kilikuwa kimeukamata ufito, ubavu, na kidole gumba cha kushoto, vyote kwa pamoja.

Bibi Sindano aliruka, mikono ikamtoka chini ya mapaja. Kisha akasimama katikati ya chumba, kwa sababu mzee alikuwa ametulia tuli, mdomo wazi, akikikodolea macho kile kidole.

"Umepiga kelele," akasema mkewe.

"Nimepiga."

"Umesikia nini?"

"Inauma." Akalisema tena, taratibu, kama mtu anayelisoma neno ukutani. "Mama, inauma!"

Bibi Sindano akanyoosha mkono kwenda kukitoa kibanio.

"Kiache!" mzee akafoka. Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa anacheka, na pua pia ilihitaji kufutwa. "Kiache kwanza kidogo. Wewe kaa."

Akakaa. Akavirudisha viganja chini ya mapaja, akavikalia vizuri, maana bado havikuwa vya kuaminika. Baada ya muda mzee alikitoa kibanio mwenyewe, akakitazama kidole kilichopata alama mbili nyekundu, akakipuliza. Ufito ulikuwa umepanda juu kidogo upande wa tezi, na hakuna rula ambayo ingeukubali.

"Haya," akasema, akiigeuza meli. "Sasa upande wa pili. Weka maji moto."