Sauti Iliyogoma Kufutika

Kazini walimwita Kimya, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi wa kompyuta katika maktaba ya vitabu vya kusikiliza, ile ya wasioona, na aliweza kumaliza juma zima kwa kutikisa kichwa tu. Ukimpigia simu hapokei, anakuandikia ujumbe. Asubuhi huyoo, anapita mlango wa nyuma, funguo zikilia kiunoni, mpaka chumba cha mitambo. Si maringo, jamani. Aliionea haya sauti yake.

Zamani, kabla hajaajiriwa, alijitolea kuirekodia maktaba hiyo hiyo riwaya moja. Mchumba wake akasikiliza kidogo, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwanamume mzima unasoma kama unabembeleza mtoto alale!" Uchumba ulikuja kufa kwa mambo mengine, ila kile kicheko hakikumtoka.

Sasa diski zilikuwa zimejaa pomoni, na vitabu vya shule vya watoto vilikuwa vinasubiri nafasi. Kila msomaji aliyerekodi alikuwa na sehemu yake ndani ya diski. Mkurugenzi akamwachia Kimya achague za kuondoa, zile zisizo na msikilizaji. Kimya akaanza na yake. Hata kuangalia hakuangalia. Nani asikilize upuuzi ule?

Akabonyeza kufuta. Mtambo ukamjibu: haiwezekani, sehemu hii inatumika.

Akahakiki jina, lilikuwa lenyewe. Akazima programu, akaiwasha upya, bado imegoma. Akatafuta ni nani anayeishikilia, akakuta kompyuta moja tu, ya mapokezi. Akaikata. Kabla hajabonyeza tena, ikajiunga. Akaikata, ikarudi, kama kuku anayefukuzwa kwenye mahindi. Simu ya mezani ikaanza kulia. Akaitazama ikilia mpaka ikachoka. Basi, ikabidi aende mwenyewe.

Mapokezi alikaa dada mmoja asiyeona, mpokea simu, sikio moja la kazi na jingine limezibwa na hedifoni.

"Hizo funguo nazijua," akasema. "Karibu, Kimya. Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu! Kitabu changu leo kinakatikakatika, sijui nani ananichezea."

Kimya akapapasa mfuko atoe kalamu aandike, kisha akakumbuka anamwandikia nani. Angeweza kurudi akazima mtambo mzima, yakaisha. Lakini yule dada alikuwa amemwelekezea uso, anamngoja.

"Ni mimi," akasema. "Nakifuta."

Simu ikalia, dada hakuigusa.

"Hebu sema tena."

"Nakifuta. Kuna vya watoto wa shule. Hiki hakina mtu."

"Hakina mtu? Kwani mimi mbuzi?" Akavua hedifoni. "Ni wewe! Miezi yote hii unapita hapo nyuma umejifunga mdomo, na mimi niko hapa nakusikiliza! Watu wananifokea humu kutwa, kaka yangu. Nikitukanwa, nakuweka wewe. Najua unapokohoa. Najua unapovuta kiti."

"Sauti yenyewe inachekesha."

"Nani kakwambia? Mlete hapa nimpe vidonge vyake."

Kimya akacheka bila kutaka. Halafu akasema kweli, taratibu. "Naweza kukihamishia pengine. Nilitaka tu kipotee."

"Na sura ya mwisho?"

"Sikuisoma."

"Najua hukuisoma! Yule mama kashika kitasa cha mlango, na wewe ukaniacha hapo. Mwanawe yumo ndani au hayumo?"

"Yumo, ila—"

"Koma! Usinimalizie hivyo." Akaiweka hedifoni mezani. Alipoongea tena, utani ulikuwa umemwisha. "Sitaki ukihamishe, kifute tu. Kesho mchana uje ukae hapa, unisomee chote, mwanzo mpaka mwisho. Kwa mdomo wako. Lakini usipokuja, nitabaki sina kitu."

"Nitakuja."

Dada akapapasa vitufe, akakifunga kitabu. Ilimuuma, mtu yeyote angeona. Kimya aliporudi kwenye mtambo, alibonyeza mara moja tu, sehemu ile ikatoka bila ubishi. Vitabu vya watoto vikaanza kuingia.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi alikaribia kuomba ruhusa ya ugonjwa. Mchana akashuka na riwaya mkononi, akavuta kiti, akafungua ukurasa wa kwanza. Mistari miwili tu, akakwama. Watu wa ofisini walikuwa wamesimama mlangoni wameduwaa, maana wengine walikuwa hawajawahi kumsikia akitoa hata salamu.

Dada akainua mkonga wa simu, akaulaza mezani isilie. Kisha akanyoosha mkono mpaka akaupata wa fundi, akaushika.

"Pole pole, kaka yangu," akasema. "Mimi siendi popote."

Kimya akarudi mstari wa kwanza, akaanza upya.