Wimbo Ulioimbwa Hadi Mwisho

Fundi wa sauti alichomoa friji ya ofisi ili isingurume, akatandika blanketi mezani, akamsogezea bibi kipaza sauti usawa wa kidevu. Ofisi ile ilikuwa inahifadhi nyimbo za zamani kwenye kompyuta. Bibi alikuja kuimba ule wa kubembelezea watoto, na mkwewe, mshona nguo, alimsindikiza akiwa na mtoto mgongoni.

Katika familia yao wimbo huo hauimbwi wote. Mstari wa mwisho hubaki kifuani. Mtoto hulala kabla haujafikiwa. Bibi alimweleza fundi hivyo. Fundi akasema kompyuta haipokei kazi nusunusu.

"Haya, mwanangu," bibi akasema. "Usije ukaniambia nilikubania."

Akauimba wote. Mstari wa mwisho ulitoka na mzizi wake, mweupe, umelowa kama jino. Fundi akaufuta kwa kitambaa cha kusafishia skrini, akauingiza kwenye mashine pamoja na mingine, kisha akachomeka friji.

Jioni mtoto alianza kulia. Bibi akafungua kinywa, ikatoka hewa tu. Kuongea aliongea vizuri: aliomba chumvi, akamfokea paka. Wimbo ndio haukuwepo. Mkwe akajaribu yeye, lakini hata ule aliousikia miaka yote ulikuwa umeng'oka kichwani mwake. Mtoto alikesha, na kesho yake akakesha tena.

Mkwe akafunika cherehani, akambeba mtoto mgongoni, akarudi ofisini. Msimamizi alimpa kiti na pole. Akaeleza kwamba wimbo sasa ni mali ya hifadhi, unasikilizwa na watafiti wenye kibali. Akauliza, bila mzaha, kama mtoto anacho.

"La muhimu, dada, hautapotea tena."

"Haukuwa umepotea. Ulikuwa mdomoni mwa mama mkwe wangu."

Msimamizi alikubali kwamba hilo ni kweli. Watu wa kawaida waliruhusiwa kionjo tu, akakibofya. Sauti ya bibi ikajaa chumba. Mtoto akalegea, akafumba jicho moja. Kionjo kikakatika.

Tangu hapo mtoto hulala hivyo: jicho moja limefumba, la pili limekodolea dari. Majirani wameshazoea. Ofisini wametundika picha ya bibi, kinywa wazi. Nyumbani bibi hukaa kando ya kitanda, amekinga kiganja juu ya lile jicho, taa isiliumize.