Kwaya Yenye Miaka Kumi na Mmoja

Kengele ililia Alhamisi alasiri, Kwamboka akiwa na mswaki mdomoni, ndiyo kwanza ameamka baada ya zamu ya usiku hospitalini. Mlangoni alisimama msichana asiyemjua, begi la shule mgongoni, jasho likimtiririka.

"Habari auntie. Naitwa Tiffany, tumehamia hapo juu, ghorofa ya tatu. Nimekuja kuomba uso."

"Kuomba nini?"

"Uso. Dakika moja tu, aki."

Ilibidi Kwamboka akimbie kwenye sinki kutema povu kabla ya kuuliza zaidi.

Maelezo yakaja mbiombio. Tangu nchi moja baada ya nyingine zianze kutunga sheria za kuwazuia watoto mitandaoni, ule mtandao alioupenda Tiffany ulikuwa umeanza kumkagua kila mtu. Ulitaka kuona uso wa mtu mzima kwenye kamera ya simu, naye alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, Mwaura, alikataa katakata kutoa wake. Jirani wa chini alimfungia mlango.

"Wewe una uso wa huruma," alimaliza.

Kweli Kwamboka alikuwa na uso wa huruma, na moyo wa namna hiyohiyo, uliokwisha kumtia taabuni mara nyingi. Lakini aliamini pia kwamba sheria ikiwekwa kwa ajili ya mtoto, mtu mzima hana budi kuiunga mkono. Akamkaribisha, akampa juisi ya embe, akamhutubia dakika ishirini. Tiffany alisikiliza kwa adabu mpaka juisi ikaisha.

"Marafiki zangu wote wa Nakuru wako huko," alisema taratibu. "Hapa ugenini sina mtu. Halafu nyinyi wakubwa si mnadanganyanga tu miaka?"

Hilo likamchoma Kwamboka.

"Mimi la. Nakuahidi, sitabofya uongo kuhusu umri, hata kama kitu nakitaka mpaka nalia."

"Hata kama hakuna mtu anakuona?"

"Hata hivyo. Na Jumamosi uje tupike chapati, usikae peke yako."

Kesho yake, baada ya ibada ya Ijumaa kanisani kule Abu Hamour, wanakwaya kumi na wanne walijibana sebuleni kwa Kwamboka, huku mtaani Al Wukair, kila mmoja na sahani ya pilau. Kwaya ilikuwa inashindana na kwaya nyingine za Waafrika wanaoishi nchi za Ghuba. Video ilipaswa kuwekwa kwenye ukurasa wa kwaya kabla ya saa kumi kamili. Wimbo wenyewe alikuwa ameutunga Kwamboka, wimbo wake wa kwanza maishani, miezi minane ya kuandika na kufuta ndani ya basi la kwenda kazini.

Saa tisa na dakika arobaini alifungua ukurasa. Ukagoma.

"Akaunti hii ni ya mtoto wa miaka kumi na mmoja," alisoma kwa sauti.

Macho yote yakamgeukia Fabian, mwimba sauti ya teno, mwenye kipara na masharubu, aliyefungua ukurasa huo.

"Waliniuliza tarehe ya kuzaliwa," alijitetea. "Nikaandika siku tulipoanzisha kwaya. Si ndiyo siku tuliyozaliwa?"

"Fabian, wewe ni mtu wa kompyuta!" Chebet, mwimba alto, alipiga kelele. "Unalipwa kwa kazi hiyo!"

Njia zilikuwa mbili. Watume kitambulisho na kungoja siku tatu, au mzazi abofye "Ndiyo" papo hapo: mimi ni mzazi wa mtoto huyu na nimemruhusu.

"Bofya," alisema Fabian. "Wewe ndiye katibu. Katibu ni mama wa kwaya."

"Na baba ni nani?" aliuliza Chebet.

Wakamtazama kiongozi wao, Wanjohi, ambaye alianza kutabasamu.

"Wanjohi," alisema mkewe, Ann, "jaribu tu."

Tabasamu likazima.

Kwamboka hakucheka. Aliwaeleza habari za Tiffany na ahadi aliyompa.

"Huyo mtoto yuko hapa?" Fabian aliuliza. "Anatuona?"

"Hatuoni. Ndiyo maana siwezi."

"Aki Kwamboka, ni wimbo wako!"

Alijua. Alijua kila mstari wake, na kituo cha basi ambapo kila mstari ulimjia. Zilibaki dakika sita, na machozi yalikuwa yamefika. Kitu anachokitaka mpaka analia, basi, ndicho hiki. Alipangusa macho kwa kanga ya mezani, akaikaza simu mkononi, akabofya "Hapana."

Simu ilitafakari kidogo, kisha ikaandika: "Asante kwa kumlinda mtoto huyu."

Alipowasomea, kwaya nzima iliguna kwa sauti zake zote nne, besi wakichelewa kidogo, kama kawaida yao.