Stika Nyuma ya Friji

Mimi ndiye niliyesema, "Fungua." Naliweka hili mwanzo kabisa, mtu asije akamlaumu mume wangu.

Friji ilikuwa na siku kumi na moja tangu itoke dukani, bado ina nailoni mlangoni, na tayari ilikuwa imeacha kupoza, kabati tu. Ndani mlikuwa na vichupa vyangu vinne vya sindano za sukari, dawa ambayo ikipata joto haina kazi tena. Nilipiga simu dukani. Wakaniambia fundi wao atafika baada ya wiki mbili, nivute subira. Nikawajibu kwamba subira ninayo, dawa ndiyo haina. Kwenda kuomba nafasi kwenye friji ya jirani niliona haya. Mimi, mke wa fundi wa friji!

Maana mume wangu ametengeneza friji za mtaa mzima kwa miaka thelathini na moja. Watu hawajui jina lake, ni Fundi tu, na hodi zao hazina saa. Miaka yote hiyo nimekula nikiwa nimezungukwa na friji za watu, na yetu ikiwa vipande vya marehemu mbalimbali. Macho yake yalipoanza kufifia ndipo tukaamua, kwa mara ya kwanza maishani, kununua mpya yenye karatasi zake.

"Kuna stika pale nyuma, juu ya skrubu," aliniambia. "Wamesema isiguswe."

"Na dawa yangu iharibike kwa ajili ya stika? Fungua, baba."

Akafungua. Alipapasa zaidi ya kutazama. Kisha akanishika mkono, akakipeleka kidole changu kwenye kompresa, lile dude jeusi la chini linalosukuma gesi. Chini ya rangi mpya nilihisi mabaka ya kutu, na mrija uliokatwa ukaungwa tena.

"Hii imezeekea kwenye friji nyingine," alisema. "Wametuuzia maiti iliyopakwa rangi."

Dukani, muuzaji mwenye tai hakutaka habari za kutu. "Stika imechanika, mama. Ikichanika, waranti imekwisha. Na soma hapo kwenye risiti: mali ikiuzwa hairudishwi." Mume wangu akaanza kumweleza mambo ya kompresa, taratibu, kama anavyomfundisha mtu kazi. Yule bwana akapokea simu yake katikati ya maelezo. Nilitamani kumzaba kibao, Mungu anisamehe.

Kwenye ofisi ya haki za wanunuzi tulimkuta mama wa makamo, mtu wa watu, akatusikiliza hadi mwisho.

"Maneno ya kwenye risiti hayafuti haki yenu," alisema. "Aliyeuziwa kitu kibovu anarudishiwa fedha zake. Nileteeni tu ripoti ya fundi anayetambuliwa."

"Fundi si huyu hapa?" nikamuuliza.

"Ana cheti?"

Hana. Alijifunza enzi ambazo cheti cha fundi kilikuwa maji kuganda. Yule mama akafungua orodha yake. Upande wa friji kulikuwa na mtu mmoja tu katika eneo letu, naye ni fundi wa duka lile lile. Alipolisoma jina nilicheka kwa sauti, nikapiga makofi. Alikuwa mtoto wetu! Si wa kumzaa, lakini miaka sita alijifunza kazi kwa mume wangu, akala mezani kwangu, na viatu vyake vya kwanza vya kazi nilimnunulia mimi. Tulirudi nyumbani tukitembea kama maharusi.

Alifika Alhamisi, kavaa ovaroli yenye nembo ya duka. "Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mama." Chai aliikataa, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Alipiga magoti nyuma ya friji, akawasha tochi. Mume wangu akamwonyesha kwa kidole.

"Unayaona maungio hayo?"

"Nimeyaona, mwalimu."

Nilimsikia kwa masikio yangu yote mawili. Kisha akaandika, akiwa ametugeuzia mgongo, akaacha nakala mezani. Mlangoni akaninong'oneza, "Nina watoto, mama," akaondoka bila kungoja jibu.

Mume wangu aliisogeza karatasi karibu na uso. Herufi zilikuwa ndogo mno kwake.

"Nisomee."

Nikasoma. Aina ya friji, namba, tarehe. Kompresa haina kasoro ya kiwandani. Nilipofika kwenye sababu ya hitilafu nikaishusha karatasi.

"Endelea."

Ningeweza kutunga. Lakini tangu anioe sijawahi kumdanganya asijue.

"Kifaa kimeharibika kwa kufunguliwa na mtu asiye fundi."

Akaniomba nirudie mstari huo. Nikaurudia, kwa mdomo huu huu uliosema fungua.

Hakutukana. Heri angetukana, ningepata pa kulilia. Aliinuka, akakirudishia kifuniko cha nyuma, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, akafuta alama za vidole vyake kwa kitambaa. Vichupa vile viliharibika vyote. Vipya nimevipeleka kwa jirani, haya nimeimeza, vimekaa kwenye friji aliyoitengeneza mume wangu mwaka juzi, na inapoza vizuri tu.

Jioni ya Alhamisi ile ile tukasikia mtu mlangoni. Ni mama wa nyumba ya pili, ambaye friji yake hunguruma kila msimu wa joto.

"Hodi! Fundi yupo?"

Mfuko wa vifaa vya mume wangu ulikuwa pale miguuni pake, kama siku zote. Aliusukuma kwa mguu hadi uvunguni mwa kitanda, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Hapana," alisema. "Hapa hakuna fundi."