Siku Saba kwa Kuchelewa

Rawiya ndiye peke yake aliyefika darasa la nane nyumbani kwao Kiwayu, kwa hiyo karatasi ya daktari alikabidhiwa yeye. Mamake, Bi Bwanamkuu, mgonjwa wa kisukari, alikuwa amekanyaga msumari. Daktari wa mjini Lamu alimpasua unyayo, akausafisha, akaandika: “Review in seven days at the latest. Clean wound at least once a day.”

Rawiya aliyasoma maneno hayo bila wasiwasi. Shuleni waliimbishwa: late, later, latest, little, less, least. Basi latest ni kuchelewa kushinda kote, na least ni kidogo kushinda chote.

“Mama, daktari hataki turudi kwake haraka,” akasema. “Wiki ipite kabisa, kidonda kikauke. Na tusikioshe sana. Mara moja kwa siku, basi.”

Siku ya sita mguu ukavimba. Jirani yao Obeid alikuwa akienda Lamu kwa boti ya mashine, na nafasi zilikuwapo.

“Mwanangu, nipeleke,” Bi Bwanamkuu akaomba. “Guu lawaka moto.”

“Stahamili, mama. Ndivyo ilivyoandikwa.”

Obeid akaondoka bila wao.

Siku ya kumi na moja chumba kizima kilinuka. Vidole viwili vilikuwa vimegeuka vyeusi. Rawiya alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mchangani, mpaka kwa muuguzi Yasir, aliyekuwa amerudi asubuhi ile kutoka likizo. Yasir akaisoma karatasi mara mbili.

“Mbona mmekawia hivi?”

“Si imeandikwa latest? Tuchelewe kuliko kote?”

Yasir akalionyesha neno hilo kwa kidole. “Bi Rawiya, hapo laweka mpaka. Siku ya saba ndiyo mwisho wa kuchelewa. Kabla yake ni sawa, baada yake hapana.”

“Na at least?”

“Isipungue mara moja. Kuzidi hakuna ubaya.”

“Ningemwosha mara tano,” Rawiya akasema. “Ningemwosha kutwa, Yasir! Kazi gani niliyokuwa nayo mimi?”

Alibisha nyumba baada ya nyumba akiomba petroli, huyu chupa, yule nusu dumu, mpaka ikatosha safari ya boti hadi Lamu. Njiani Bi Bwanamkuu alikuwa akiweweseka, akiwaita watu waliokwisha kufa. Rawiya alimpakata kichwa, akimsomea kila dua aliyoijua, akikosea, akianza tena.

Hospitalini alimsikia daktari mpasuaji akimwambia mwenzake: “At best, below the knee.” Akamrukia, akamshika koti.

“Best ni nzuri kushinda zote! Mama yangu atapona?”

Daktari akainama, akamwambia taratibu. “Hapana, dada. Nimesema hivi: tukibahatika sana, tutakata chini ya goti.”

Walikata juu ya goti.

Siku ya tatu baada ya kukatwa, Bi Bwanamkuu alifumbua macho vizuri. Rawiya akamweleza yote, neno kwa neno, bila kujitetea.

“Mimi ndiye niliyekukata mguu, mama. Si daktari. Ni mimi.”



“Siku ile uliponisomea ile karatasi,” Bi Bwanamkuu akasema, “sikuelewa hata kidogo. Nilikuwa nakutazama mdomo tu, moyoni najivuna: mwanangu asoma kizungu.”

Kisha akageuka ukutani, na Rawiya hakupata ujasiri wa kumgusa.