Seli Niliyoiruka

Kazi yangu ni kuhesabu hadi arobaini na sita. Nikiulizwa mbele za watu nasema mimi ni fundi wa maabara, watu wanaitikia "aa" na kubadilisha mazungumzo. Lakini ukweli ndio huo. Kutwa nimekaa mbele ya darubini, nahesabu hadi arobaini na sita, nikimaliza naanza tena, na mwaka huu ni wa kumi na saba. Mume wangu aliwahi kunitania kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza kazi hiyo. Nikamwambia basi aje yeye ahesabu nyuzi zilizomwagika kama tambi chini ya kioo, halafu tuone nani atarudi nyumbani na macho mawili.

Nyuzi hizo ndizo kromosomu. Zimo ndani ya seli, jozi ishirini na tatu, na katika kila jozi mmoja umetoka kwa mama na mwingine kwa baba. Ili tuzione, damu ya mgonjwa inakaa siku tatu kwenye kabati la joto, seli zinaanza kugawanyika, nasi tunazikamata katikati kwa dawa, kabla hazijaachana. Tunazipiga picha, tunazipanga, kila uzi na mwenzake. Kwa kila mgonjwa tunasoma seli ishirini: msomaji wa kwanza kumi, wa pili kumi. Na ukutani kuna karatasi iliyobandikwa tangu kabla sijaajiriwa, imeshabadilika rangi: usisome damu ya ndugu yako. Nilidhani waliwaandikia watu wasioijua kazi.

Mdogo wangu tunamwita Kipusa. Baba ndiye aliyempa jina hilo, na hakukosea. Mimi nilizaliwa na uso wa kazi, yeye akazaliwa na uso wa picha. Tuko wawili tu. Kati yangu na yeye mama aliharibikiwa na mimba tatu, jambo lililotajwa nyumbani kwa kunong'ona, na mimi pamoja na vyeti vyangu vyote sikuwahi kulitia maanani.

Kipusa naye, katika miaka minne ya ndoa, alipoteza tatu. Mama mkwe wake si mtu mbaya, ila ulimi wake hauna mlango. "Nyumba imependeza," alisema siku moja mbele ya wageni, "sasa bado watu wa kuichafua." Kipusa akacheka pamoja nao, akawamiminia chai, kisha akaja kwangu kulia mpaka akalowesha mto wangu. Mumewe, shemeji yangu, ni mtu wa maneno machache. Alikuwa akija kumchukua anabaki amesimama mlangoni, funguo mkononi, hajui pa kuweka macho.

Daktari akaagiza damu zao wote wawili zipimwe. Ya Kipusa niliitoa mwenyewe. Akakunja mkono wa gauni, akanitazama, akasema, "Mficha uchi hazai, dada. Nimekuja kuvuliwa." Tukacheka. Kisha akaushika mkono wangu ule wenye sindano.

"Naomba isiwe mimi," akasema. "Iwe yeye, iwe maji ya bomba, iwe chochote kile. Isiwe mimi."

"Tulia, sindano isije ikakuchana," nikamjibu, nikaivuta damu.

Mkuu wetu wa maabara ni mzee tunayemwita Darubini, kwa sababu hata kikombe cha chai hukitazama kwa jicho moja. Chupa za damu huwa na namba tu, hazina majina, lakini namba ya mdogo wangu niliijua. Wiki ile wasomaji wawili walikuwa likizo. Nikamwambia aniachie seli zote ishirini. Akaitazama karatasi ukutani, akanitazama mimi.

"Damu nzito kuliko maji," akasema. "Ndiyo sababu waliiandika ile."

"Mzee, nimekuwa hapa miaka mingapi?"

Akapumua, akanipa vioo vyenye seli za Kipusa. Kosa lake lilikuwa huruma. Langu ni hili ninalolieleza.

Ilikuwa seli ya saba. Uzi mmoja mrefu ulikuwa na mkia uliofifia pale unapotakiwa kuwa mweusi. Nikatafuta, nikaona uzi mwingine mfupi, wa jozi nyingine kabisa, una mkia uliozidi kidogo. Vipande viwili vilikuwa vimebadilishana mahali. Mwanafunzi wangu angenionyesha picha ile ningempigia makofi. Nikaitazama kama dakika moja, sauti ya Kipusa iko sikioni, kisha nikajiambia umepinda tu, ncha imejikunja. Nikairuka.

Kuruka kunaruhusiwa. Seli nyingine nyuzi zake zimelaliana, hazisomeki, unaziacha unakwenda mbele. Lakini ni zile zisizosomeka, si zile zinazosema usilotaka kusikia. Kuna kitu kingine ambacho mtu asiye fundi hawezi kukifanya hata akitaka. Seli zikikamatwa zikiwa zimechelewa, nyuzi zinakuwa fupi na nene, zinahesabika vizuri sana, ila mikia haionekani sawasawa. Nikazichagua hizo. Nikapata ishirini safi, nikaandika: hakuna kasoro. Ya shemeji ilisomwa na watu wengine kwa utaratibu wake, nayo haikuwa na kasoro, na hiyo ilikuwa kweli.

Nilipompigia Kipusa simu alipiga kelele mpaka nikaitoa sikioni. "Si mimi! Mama, si mimi!" Alikuwa anamwambia mama mkwe wake, nao wakasikika wanakumbatiana. Daktari akawaambia ni bahati mbaya tu, wajaribu tena, wasiwe na hofu, hakuna haja ya vipimo vingine.

Mimba ya nne ilikwenda mbali kuliko zote. Mwezi wa tano ukapita, wa sita ukapita. Kipusa akaanza kukunja nguo ndogo na kuzipanga kwenye droo, anazikunjua, anazikunja upya. Mama mkwe akawa anamkataza hata kuinama kuokota kijiko. Mwezi wa saba mtoto akaja, wa kike, moyo wake haukuumbika ukakamilika. Aliishi saa kumi na moja. Walimpa jina langu. Kipusa akatokwa na damu isiyokatika, na ili kumwokoa wakamtoa kizazi. Mimi nilikuwa koridoni nimeukumbatia mfuko wa nguo za mtoto, na ile seli ya saba ikanijia waziwazi na mkia wake. Nikaifukuza. Nilijua kuifukuza kwa wakati huo, nilikuwa na mazoezi.

Miezi saba baadaye Darubini alikuwa anapiga upya picha za vioo vya zamani ili zihifadhiwe kwenye kompyuta. Akaniita. "Kaa," akasema. Sikuhitaji kutazama skrini, lakini nilitazama.

"Kasoro ya mdogo wako nimeiona kwenye seli kumi na mbili," akasema. "Sahihi ni yako."

Nikaisoma sahihi, kisha tarehe yake.

"Barua inakwenda kwa daktari wake wiki ijayo. Sina namna ya kuizuia na nisingeizuia. Nakupa siku mbili. Nenda wewe kwanza, asilisikie kwa mtu mwingine."

Nikaenda kesho yake asubuhi. Shemeji alikuwa kazini. Kipusa alikuwa jikoni anasafisha makabati, makopo ya plastiki ya unga na sukari yako matupu juu ya meza, mengine marefu mengine mafupi. Alikuwa amekonda. Akafurahi kuniona, akanifutia kiti kwa upindo wa khanga yake.

Nikamwambia wamesoma damu yake upya na wamekuta kitu. Akakaa. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nikavuta makopo manne, mawili marefu na mawili mafupi. Midomo yake ni sawa, vifuniko vinaingiliana. Marefu nikayafunika kwa vyekundu, mafupi kwa vya bluu. Nikachukua refu moja na fupi moja nikabadilisha vifuniko vyake.

"Hivi ndivyo ulivyo," nikasema. "Kila kopo ni uzi mmoja, kifuniko ni mkia wake. Hakuna kilichopotea. Vyote vipo, ila viwili vimepishana. Ndiyo maana huumwi popote, na umekua vizuri hivyo. Taabu inaanza unapogawa. Yai haliwezi kubeba jozi nzima, linabeba nusu tu, ili baba naye alete nusu yake. Kwa hiyo mpe mtoto kopo refu moja na fupi moja."

Akasogeza refu lenye chekundu na fupi lenye bluu. Akanitazama.

"Huyo hana shida," nikasema.

Akayarudisha, akachukua yale mawili yaliyopishana.

"Huyo ni kama wewe. Vyote anavyo. Anazaliwa mzima."

Akasogeza tena. Sasa alikuwa na refu lenye chekundu, na fupi lenye chekundu. Akayatazama kwa muda mrefu. "Huyu ana vyekundu viwili," akasema polepole, "na bluu hana."

"Ndiyo."

"Huyu ndiye mwanangu."

Akayavuta yale makopo mawili kifuani akayashika kwa mikono yote miwili. Nikainamisha kichwa.

"Mayai haya yanagawanyika lini?" akauliza.

"Yalianza wewe ukiwa tumboni mwa mama, hujazaliwa. Yakasimama katikati, yakakungoja miaka yote hiyo. Na kupishana huku nadhani mama alikuwa nako. Wale watatu aliowapoteza walikwenda kwa njia hii hii."

"Kwa hiyo si kwa sababu nilibeba ndoo."

"Siyo."

"Wala siku ile niliyopanda ngazi nikiwa nimekasirika."

"Kipusa, hukukosea lolote. Hata siku moja."

Hapo akalia. Alilia vizuri, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akaniegemea, akasema miezi yote hii amekuwa akizihesabu zile ngazi. Nami nikamshika, na Mungu anisamehe, nilifikiri kuishia hapo. Nilikuwa na mdogo wangu mikononi na alikuwa ananishukuru.

Akajifuta uso, akayasogeza pamoja makopo mawili yenye bluu, refu na fupi. "Njia mbili nzuri, mbili mbaya," akasema. "Nafasi ilikuwepo."

"Ilikuwepo. Si nusu kwa nusu kila mara, lakini ilikuwepo."

"Wangejua, wangefanya nini?"

"Wangekupima mapema, mimba ikiwa changa. Mngejua mapema, mngeamua mapema. Usingefika pale ulipofika."

"Na kizazi changu kingekuwepo."

"Labda. Nadhani kingekuwepo."

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye sinki, akainuka akaifunga koki, akabaki amenipa mgongo.

"Sasa mbona mara ya kwanza mlisema sina kasoro?"

Ningeweza kumwambia picha hazikuwa nzuri. Baadhi kweli hazikuwa nzuri, mimi ndiye niliyezichagua. Angeniamini, maana ameniamini tangu alipojua kutembea.

"Nilisoma mimi," nikasema. "Zote ishirini. Haikuruhusiwa."

"Hukukiona?"

"Nilikiona. Kwenye seli ya saba. Nikairuka, nikatafuta zisizokionyesha."

Akageuka. Nilitarajia anipige, na ningeshukuru.

"Nilikuomba isiwe mimi," akasema.

"Nilikupenda. Sikuweza kukuandikia vile."

"Najua, dada. Najua kama unanipenda." Akakaa tena, taratibu, kama mwanamke aliyezeeka. "Nawaza tu wale wagonjwa wako usiowajua. Wale wa namba. Unawasomea yote, sivyo? Wanarudi kwao na ukweli wao, wanazaa. Laiti ningekuwa mmoja wao. Laiti usingenijua kabisa."

Nilisema nisamehe, nikarudia mara nyingi mpaka neno likapoteza maana, naye hakusema ndiyo wala hapana. Akanisindikiza hadi mlangoni, maana Kipusa ni mtu wa adabu. Nikamuuliza kama nije Jumamosi nimsaidie kumalizia makabati.

"Usije," akasema. "Mpaka nikuite."

Huu ni mwezi wa tano tangu siku hiyo. Hajaniita.